Programu Inapoomba Kutuma Barua Pepe kwa Jina Lako

Baadhi ya programu za hesabu, mauzo na usimamizi wa shule hazitumi barua pepe zenyewe. Zinapotakiwa kupeleka ankara au taarifa ya ada, hubisha hodi kwenye programu ya barua pepe iliyomo katika kompyuta, mara nyingi Outlook ya Microsoft, na kuiomba ipeleke ujumbe huo kwa anwani ya mwenye kompyuta. Hapo ndipo mtumiaji hukutana na dirisha dogo linalomweleza kwamba programu fulani inajaribu kutuma barua pepe kwa niaba yake, na kwamba kama hakulitarajia jambo hilo, basi akatae na ahakikishe kizuia virusi chake hakijapitwa na wakati. Chini ya maelezo hayo kuna kitufe cha "Allow", yaani ruhusu, na cha "Deny", yaani kataa.

Kwa wengi wetu dirisha hilo huja kwa Kiingereza, huja wakati wa haraka, na huja mara nyingi mfululizo. Matokeo yake ni kwamba watumiaji hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaobofya "Allow" bila kusoma ili kazi iendelee, na wapo wanaomlipa fundi aliondoe kabisa. Makala haya yanawahusu wote. Tunaanza na jambo moja ambalo likieleweka mengine hufuata kwa urahisi: dirisha hilo si hitilafu ya kompyuta. Limewekwa kwa makusudi, na limewekwa kwa sababu ya madhara yaliyokwisha kutokea.

Onyo hili lilitoka wapi

Mwezi Machi 1999 kilienea kirusi kilichoitwa Melissa. Kilisafiri ndani ya faili la Word, na mtu alipolifungua, maagizo yaliyofichwa humo yaliiamuru Outlook ipeleke faili hilohilo kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu chake cha anwani. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Mei 2000, kirusi kingine kilichoanzia Ufilipino kilikuja kwa sura ya barua ya mapenzi, kikajituma kwa kila anwani kilichoikuta. Hiki ndicho kinachojulikana kwa jina la ILOVEYOU. Kilizunguka dunia kwa muda wa siku moja hivi, kikasababisha taasisi kubwa za serikali na biashara kuzima seva zao za barua pepe.

Inafaa kuzingatia jinsi virusi hivyo vilivyofanya kazi. Ili kusambaa havikuhitaji nywila ya mtu yeyote, wala havikuvunja kufuli lolote. Outlook ya siku zile ilitii amri ya programu yoyote iliyokuwa ikiendeshwa katika kompyuta, kama mtumishi anayemfungulia mlango kila anayegonga bila kuuliza jina. Nao waliopokea barua walizifungua kwa kuwa zilitoka kwa mtu wanayemfahamu: mkubwa wa kazi, rafiki, mteja wa siku nyingi. Sheria pia zilikuwa nyuma. Waendesha mashtaka wa Ufilipino walimfutia mtuhumiwa mashtaka kwa kuwa kitendo kile kilipotendeka hapakuwa na sheria iliyokikataza waziwazi; Bunge lao lilipitisha sheria husika baada ya tukio.

Mwezi Juni 2000 Microsoft ilitoa nyongeza ya usalama kwa Outlook 98 na Outlook 2000, na toka hapo programu yoyote ya nje inayotaka kutuma barua au kusoma anwani ilianza kuhojiwa. Matoleo ya baadaye yalilegeza kidogo: kuanzia Outlook 2007, onyo halionekani kwa kawaida ikiwa Windows inathibitisha kwamba kompyuta ina kizuia virusi kilicho hai na kilichosasishwa. Tunaomba msomaji akumbuke kipengele hiki, kwani ndicho ufunguo wa usumbufu mwingi tutakaoueleza baadaye.

Kulisoma dirisha lenyewe

Maonyo ya aina hii ni mawili, na hayana uzito sawa. La kwanza linasema programu inajaribu kutuma barua pepe. Hili huja mara moja kwa kila barua, na kitufe cha kuruhusu hubaki kimefifia kwa sekunde kama 5 kabla hakijakubali kubofywa. Ucheleweshaji huo unaudhi, lakini una hesabu yake. Mtu anayetuma ankara moja hupoteza sekunde tano. Kirusi kinachotaka kutuma barua 200 kingehitaji dakika zaidi ya 16 na mtu wa kukibofyia mara 200.

La pili linasema programu inajaribu kufikia anwani za barua pepe zilizohifadhiwa katika Outlook. Hapa mtumiaji hupewa nafasi ya kuruhusu kwa muda, kuanzia dakika 1 hadi dakika 10. Wengi huliona hili kuwa jepesi kwa kuwa hakuna barua inayotumwa. Sisi tunaliona kuwa zito zaidi. Barua moja iliyotumwa kimakosa inaweza kuombewa radhi, lakini orodha nzima ya wateja ikishachukuliwa hairudi. Ikiwa ni lazima kuruhusu, chagua dakika 1 kwanza; dakika 10 ni muda mrefu sana kwa kompyuta.

Kuna upungufu mmoja ambao ni lazima tuuseme wazi: dirisha hili halitaji jina la programu inayoomba. Linasema "programu fulani" tu. Kwa hiyo mtumiaji hana cheti cha kukagua wala jina la kulinganisha. Ushahidi pekee alionao ni kile alichokuwa akikifanya sekunde chache zilizopita. Je, umebofya wewe mwenyewe kitufe cha kutuma ankara, taarifa ya ada au ripoti? Je, idadi ya maonyo inalingana na idadi ya barua ulizokusudia? Ikiwa majibu yote mawili ni ndiyo, ruhusu. Ikiwa ulikuwa unasoma habari, au umefungua kiambatisho kilichokuja na barua, au umerudi kutoka chakula cha mchana na kulikuta dirisha likikusubiri, kataa.

Watumiaji wengine huogopa kukataa wakidhani wataharibu kazi. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Ukikataa, barua hiyo haiendi, na programu iliyoomba huenda ikalalamika kwamba imeshindwa. Ankara yako ingali ndani ya mfumo wa hesabu na unaweza kuituma tena baada ya dakika mbili. Ukiruhusu jambo ambalo hukulitaka, hakuna kitufe cha kulirudisha.

Tuchukue mfano wa katibu wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 120. Kila mwisho wa mwezi hutuma taarifa za akaunti kutoka kwenye faili la Excel lenye makro aliyotengenezewa. Siku hiyo ana barua 3 tu za kutuma, kwa wanachama wapya. Anaruhusu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Linatokea dirisha la nne. Mtu aliyezoea kubofya atabofya. Mtu anayehesabu atasimama, kwa sababu barua ya nne si yake. Huenda ni kosa dogo la aliyetengeneza makro, kwa mfano ameacha inarudia orodha ya mwezi uliopita. Na kama ndivyo, taarifa za mwanachama mmoja zilikuwa zinaelekea kwa mwingine. Si lazima pawe na mhalifu ili onyo liwe na manufaa.

Likitokea bila kutarajiwa

Bofya "Deny", na uendelee kukataa kila linapojirudia. Kisha kata mtandao, kwa kuzima waya au Wi-Fi, kabla ya kufanya uchunguzi wowote. Fungua folda ya barua zilizotumwa na ile ya barua zinazosubiri kutumwa, uone kama zimo usizozitambua. Ukizikuta zinazosubiri, zifute kabla ya kurudisha mtandao. Baada ya hapo unganisha mtandao kwa muda wa kusasisha kizuia virusi tu, halafu kiamuru kikague kompyuta nzima, si ukaguzi wa haraka. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, iache imalizike.

Ikiwa kuna barua zilizokwisha kuondoka, wajulishe waliozipokea kwa simu au ujumbe mfupi, si kwa barua pepe nyingine, kwa kuwa hawataweza kujua ni ipi ya kweli. Waambie wasifungue kiambatisho. Badilisha nywila ya barua pepe kwa kutumia kifaa kingine, maana kompyuta yenye mashaka haifai kuandikiwa siri mpya.

Tunaongeza hapa tahadhari ndogo. Onyo halisi la Outlook kuhusu programu nyingine haliombi nywila, namba ya simu, wala malipo ya aina yoyote. Linauliza ruhusa tu. Dirisha lolote linalofanana nalo lakini likakutaka uandike nywila au upige simu kwa "huduma kwa wateja" si onyo hili, na hasa likiwa limefunguka ndani ya kivinjari cha intaneti, lifunge.

Kwa nini linakuja kila siku

Turudi kwenye kile kipengele cha kizuia virusi. Kama programu yako ya hesabu ni ile ile, kompyuta ni ile ile, na mwezi uliopita maonyo hayakuwapo, basi karibu kila mara kilichobadilika ni hali ya kizuia virusi. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na kizuia virusi cha majaribio. Muda wa majaribio ukiisha na mnunuzi asilipie, kinabaki kimekaa kwenye kompyuta bila kufanya kazi, kama mlinzi aliyeacha kazi lakini sare yake imetundikwa getini. Outlook inauliza Windows kama kuna mlinzi, inaambiwa hali si nzuri, na inaanza kukuhoji.

Unaweza kulithibitisha hilo mwenyewe. Katika Outlook fungua "File", kisha "Options", kisha "Trust Center", bofya kitufe cha mipangilio yake, halafu chagua "Programmatic Access". Ukurasa huo una machaguo matatu: la kwanza huonya pale tu ambapo kizuia virusi hakifanyi kazi au kimepitwa na wakati, na ndilo linalopendekezwa na watengenezaji, la pili huonya kila mara, la tatu halionyi kamwe. Chini yake imeandikwa hali ya kizuia virusi kama Outlook inavyoiona. Ikiwa imeandikwa "Valid", yote ni sawa. Ikiwa imeandikwa "Invalid", tatizo lako liko hapo, na dawa yake iko hapo.

Dawa yenyewe haina gharama. Windows 10 na Windows 11 zinakuja na kizuia virusi cha Microsoft kiitwacho Defender, ambacho hujiweka kando kinapoona kingine kimesajiliwa. Ondoa kile kilichokwisha muda kwa njia ya kawaida ya kuondoa programu, washa kompyuta upya, hakikisha Defender imewaka na imesasishwa, kisha fungua Outlook na utazame ukurasa ule tena. Kama unapendelea kulipia kizuia virusi kingine, ni hiari yako, lakini weka kimoja tu. Viwili katika kompyuta moja hugombana, na ugomvi huo nao unaweza kuleta maonyo.

Wale wanaofanya kazi kwa kuunganishwa na seva ya ofisi, ambako Outlook imewekwa kwenye seva na si kwenye meza yao, wanaweza kuona maonyo hata pale kizuia virusi kipo. Matoleo ya Windows ya seva hayana ile sehemu inayotoa taarifa ya kizuia virusi kwa Outlook. Hilo ni jukumu la msimamizi wa mfumo, ambaye anaweza kuweka sera kwa ofisi nzima.

Fundi na chaguo la tatu

Sasa tuseme kuhusu njia ya mkato. Chaguo la tatu, la kutoonya kamwe, linaondoa usumbufu mara moja, na ndiyo maana mafundi hulipenda. Kwa kawaida machaguo hayo hufifia na hayabadiliki mpaka Outlook iwe imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Watengenezaji waliweka kizingiti hicho ili mtu asilizime onyo kwa bahati mbaya. Fundi hukivuka kwa sekunde chache. Tatizo ni kwamba chaguo hilo haliiruhusu programu yako ya hesabu peke yake. Linaruhusu kila programu, ya leo na ya kesho, iliyo halali na isiyo halali, nawe hutaambiwa lolote.

Njia nyingine ya mkato, ambayo kwa maoni yetu ni mbaya zaidi, ni vile vijiprogramu vinavyokaa kimya na kukubofyia "Allow" kila dirisha linapotokea. Mtumiaji hubaki akiamini kwamba ulinzi upo kwa sababu hakugusa mipangilio, kumbe kuna mkono mwingine unaotia sahihi kwa jina lake.

Kompyuta ikirudi kutoka kwa fundi, fungua ukurasa tuliouelekeza utazame ni chaguo lipi limewekwa. Huhitaji mamlaka yoyote kutazama. Ukikuta la tatu, muulize sababu, na umtake alirudishe la kwanza. Fundi mzuri angeanza na kizuia virusi.

Hatusemi kwamba dirisha hili linazuia kila kitu. Virusi vilivyofuata, kama Mydoom ya Januari 2004, vilikuja na uwezo wao wenyewe wa kutuma barua bila kupitia Outlook kabisa. Na mhalifu wa leo mara nyingi hutafuta nywila yako ili aingie kwenye barua pepe kupitia kivinjari, mahali ambapo onyo hili halimfikii. Kwa hiyo uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya barua pepe ni wa lazima hata kwa mtu ambaye Outlook yake iko katika hali nzuri.

Kabla ya kununua programu ya biashara

Usumbufu mwingi ungeepukwa kama mnunuzi angemuuliza muuzaji swali moja: programu hii inatumaje barua pepe? Majibu huwa ya aina tatu. Ya kwanza, inaandaa barua na kuifungua katika Outlook ikiwa tayari, nawe unaisoma na kubofya kitufe cha kutuma mwenyewe. Njia hii kwa kawaida haileti onyo la kutuma, na kwa biashara yenye ankara chache kwa siku hatuoni iliyo bora kuliko hiyo, kwa kuwa jicho la binadamu linapita juu ya kila barua. Ya pili, inaiamuru Outlook itume moja kwa moja, na hii ndiyo inayoleta maonyo. Ya tatu, inatuma yenyewe kupitia seva ya barua pepe bila kuihitaji Outlook.

Njia ya tatu inafaa kwa wanaotuma barua nyingi, lakini ina masharti. Programu itahifadhi siri ya kuingilia kwenye barua pepe yako. Fungua anwani ya pekee kwa kazi hiyo, kwa mfano ya ankara tu, usiipe ile unayotumia kwa benki na mambo ya nyumbani. Pale mtoa huduma wa barua pepe anaporuhusu nywila maalumu kwa programu moja, itumie hiyo badala ya nywila yako kuu. Tena muulize muuzaji nakala za barua zilizotumwa zinahifadhiwa wapi, kwa kuwa huenda usizikute katika folda ya Outlook siku utakapohitaji ushahidi kwamba mteja alipelekewa ankara.

Swali la nyongeza kwa wenye kompyuta mpya: je, programu inafanya kazi na Outlook mpya ya Windows? Toleo hilo halikubali ile njia ya zamani ya programu za nje kuiamuru Outlook. Programu inayoitegemea haitaleta onyo. Itashindwa tu, na mnunuzi atalaumu kompyuta.

Wanaotumia Thunderbird wana onyo linalofanana na hili, lenye kisanduku cha kuchagua kama waendelee kuonywa programu nyingine zinapojaribu kutuma barua. Kiache na alama yake. Kwenye kompyuta za Mac, tangu mfumo wa Mojave wa mwaka 2018, programu inayotaka kuiendesha nyingine huomba ruhusa mara moja na hutajwa kwa jina, jambo tunalolipongeza. Ruhusa hiyo hubaki mpaka uiondoe, kwa hiyo pitia orodha yake katika mipangilio ya faragha na usalama, sehemu ya "Automation", na ufute programu usizozitumia tena.

Mwenye biashara anayehifadhi anwani za wateja ana wajibu pia kwa wateja hao. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 yenye matakwa ya namna hiyo. Anwani zilizomo katika kompyuta yako ni mali ya watu walizokukabidhi.

Ikiwa umeuziwa programu ambayo haiwezi kufanya kazi ila kwa kuzima maonyo ya usalama, andika malalamiko kwa muuzaji kwanza. Taja tarehe ya ununuzi, toleo la programu na toleo la Outlook, ambatisha picha ya dirisha la onyo, na uombe jibu kwa maandishi. Hifadhi risiti. Usipopata jibu la kuridhisha, fika katika ofisi yetu iliyo karibu nawe ukiwa na nakala za vielelezo hivyo.